Vikarna, ndugu aliyesema halafu akakaa chini

Najua nimepotea. Bumu lilichelewa, testi zikaja mfululizo, na chumbani tunabebana kiasi kwamba hata pa kuweka daftari hakuna. Leo nimejichimbia maktaba ghorofa ya juu, na ninachotaka kuwasimulia hakina uhusiano na kozi yangu hata kidogo. Au labda kinao. Mtaamua wenyewe.

Nilikuwa natafuta madesa ya fasihi, nikakutana na Mahabharata, ile tafsiri ya Kiingereza ya Kisari Mohan Ganguli iliyotoka kati ya 1883 na 1896. Jamani, huo mzigo! Utenzi wenyewe wa Kisanskriti unahesabiwa kuwa na beti kama 100,000, umegawanywa vitabu 18. Sikuusoma wote, nisiwadanganye. Nilifungua kitabu cha pili, kwenye habari ya mchezo wa dadu, nikanasa hapo.

Kwa ambao hamuijui, kisa ni hiki. Kuna koo mbili za binamu zinagombea ufalme, Wapandava watano na Wakaurava mia. Mkubwa wa Wapandava, Yudhishthira, anaalikwa kucheza dadu, na anayemkabili ni Shakuni, mjomba wa Wakaurava, fundi wa hila. Yudhishthira anapoteza mali, ufalme, ndugu zake, kisha anajiweka mwenyewe rehani na kujipoteza. Mwisho anamweka mke wao, Draupadi. Naye anapotea.

Draupadi anaburutwa kwa nywele mpaka ukumbini. Anauliza swali moja tu: mume wangu alijipoteza yeye kwanza, au alinipoteza mimi kwanza? Maana kama yeye alishakuwa mtumwa, alipata wapi haki ya kuniweka mimi rehani?

Ukumbi kimya. Na humo ndani wamo watu wazito, akina Bhishma, akina Drona, walimu na wazee wa ukoo. Bhishma anasema tu kwamba mambo ya haki ni magumu, hawezi kulijibu.

Sasa hapo ndipo anaposimama Vikarna.

Huyu bwana wengi hawamjui. Si Arjuna, si Karna, wala si Bhima. Ni mmoja wa wale Wakaurava mia, mdogo wake Duryodhana, yaani yuko upande ulioshinda mchezo. Anawaambia wazee wajibu swali. Hawajibu. Basi analijibu mwenyewe, kwa hoja kama wakili: mfalme aliyelewa kamari matendo yake hayahesabiki, Shakuni ndiye aliyemchokoza amweke mkewe, mke huyo ni wa ndugu wote watano, si wa mmoja, na tena Yudhishthira alikuwa ameshajipoteza. Kwa hiyo Draupadi hakushindwa. Ukumbi ukamshangilia!

Halafu Karna akasimama, akamwambia kwa lugha ya leo, dogo tulia, wewe mtoto unajua nini? Dushasana akaamriwa amvue Draupadi nguo. (Nguo hazikuisha, kila ikivutwa moja inatokea nyingine, lakini huo ni muujiza, si msaada wa mtu yeyote aliyekuwa ukumbini.) Na Vikarna? Hatumsikii tena. Alisema, akakaa.

Miaka baadaye vita vikapigwa Kurukshetra, siku 18. Vikarna alipigana upande wa nani? Wa kaka yake. Upande uleule alioukosoa mbele ya watu. Bhima alikuwa ameapa kuwaua wana wote mia wa Dhritarashtra, na siku ya 14 akamuua Vikarna pamoja na ndugu zake wengine. Kisha Bhima akamwomboleza, kwamba huyu alikuwa akiwatakia mema, ila kiapo ni kiapo.

Nilifunga kitabu pale, wadau. Nikaona aibu.

Sababu ni hii. Kundi letu la kazi ya darasani tuko saba. Tulichanga hela ya kopi na kubaindi, dada mmoja akawa mtunza fedha. Hela hazionekani. Mwenyekiti akaitisha kikao, akasema dada kazila, jina lake likatwe kwenye kazi. Yeye anasema alimkabidhi mwenyekiti. Mwenyekiti anasema hajapokea kitu.

Mimi niliona. Nilikuwa kantini, meza ya pili, nikaona bahasha ikitoka mkono huu kwenda mkono ule.

Kwenye kikao nilisema nini? Nilisema, "Jamani, tusikilize pande zote kwanza." Basi. Wawili wakaitikia kwa kichwa. Mwenyekiti akaniangalia, nikakaa. Siku ile nilijiona mtu wa haki kabisa, eti angalau mimi nilisema! Lakini Vikarna alisema kila alichokijua. Mimi nilisema robo, ile robo isiyokuwa na hatari. Halafu nikasaini ukurasa wa mbele wenye majina sita.

Yuko ndugu yao mwingine, anaitwa Yuyutsu, mama yake si malkia bali mwanamke wa tabaka la chini. Kabla vita havijaanza Yudhishthira alipaza sauti kuuliza nani anataka kujiunga naye, na Yuyutsu akavuka uwanja mbele ya majeshi yote mawili. Katika wana wa Dhritarashtra ni yeye peke yake aliyebaki hai. Msinielewe vibaya, sisemi kuvuka kunalipa. Wakati anavuka hakujua kama atapona. Alichojua ni kwamba ndugu zake wote wanamtazama mgongo.

Simlaumu sana Vikarna. Damu ni nzito. Mimi sina hata hiyo damu ya kusingizia, mwenyekiti si kaka yangu. Niliogopa tu kukosa kundi mwishoni mwa semista.

Kazi inakusanywa Jumatatu, na mimi ndiye niliyetumwa kwenda kubaindi. Jana usiku nilimpigia yule dada nikamwambia nilichokiona. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza, "Kaka, siku zote hizi ulikuwa wapi?" Sikuwa na jibu.

Leo asubuhi nimechapa upya ukurasa wa mbele. Majina saba. Nimewatumia meseji wote sita kuwaambia na kwa nini. Simu inatetemeka mezani tangu saa tano, bado sijaifungua.

Haya, nashuka kubaindi. Tuonane panapo majaaliwa.