Samaki Mkubwa wa Mto Gura

Wengi wenu mmepata kuvua samaki kwa kijiti na mnyoo. Leo nataka kuwapa habari za uvuvi wa namna nyingine, na za kosa nililolifanya likizo iliyopita.

Mjomba wangu anakaa karibu na Mto Gura, uteremkao mbio kutoka milima ya Nyandarua. Maji yake ni baridi sana, na kwa ajili hiyo trauti hustawi humo. Samaki hao si wenyeji wa nchi yetu. Mayai yao yaliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 kwa jitihada za Ewart Grogan, na Gura ni miongoni mwa mito ya kwanza kupandwa.

Trauti mdogo hula wadudu. Akiwa mkubwa, wadudu hawamshibishi. Huwinda samaki wadogo, hata watoto wa trauti wenzake. Basi amtakaye mkubwa hafungi chambo mfano wa inzi, bali hufunga manyoya marefu juu ya ndoana, ili yakilowa yafanane na kisamaki kinachoogelea. Chambo hicho huitwa strima. Mjomba alikuwa fundi wa kuvifunga, lakini macho yake yameingia ukungu, na siku hizi hawezi kupitisha uzi. Kilikuwa kimebaki kimoja tu, cha manyoya meusi ya jogoo.

"Chukua," aliniambia, "lakini samaki akigusa, usiinue ufito. Vuta mshipi kwa mkono."

Jioni ile mvua ilikuwa imenyesha mlimani, na maji yalikuwa na rangi ya chai. Hiyo ndiyo saa ya mkubwa, kwa kuwa hupenda kutoka mafichoni mwanga unapopungua. Nikatupa mshipi kuvuka mto, mpaka karibu na mizizi ya ukingo wa pili. Nikauacha mkondo ukichukue chambo, kisha nikavuta: mara mbili fupi, nikatulia, mara moja ndefu, nikatulia. Kisamaki kilichojeruhiwa hakiendi kwa mwendo mmoja.

Mara nikaona kivuli kirefu kikifuata. Nikahisi mguso. Ukivuta kwa mkono wakati huo, chambo husogea kidogo tu, na samaki akikosa huweza kurudi. Ukiinua ufito, unamwondolea chakula mdomoni. Hayo yote niliyajua, nami nikainua! Chambo kikaruka kutoka majini, kikanasa katika tawi lililo juu ya mkondo. Nikavuta kwa hasira, mshipi ukakatika.

Njiani nilitunga uwongo, kwamba samaki mkubwa ajabu ameukata mshipi. Lakini nilipoingia, Mjomba aliuliza neno moja tu: "Uliinua?"

Nikajibu, "Ndiyo, Mjomba. Na chambo kimepotea."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniagiza nilete sanduku lake la nyuzi na manyoya, nikae karibu na taa. Yeye akasema, mikono yangu ikatenda. Kila nilipomaliza alikipapasa kwa vidole. "Kichwa ni kikubwa mno. Fungua, anza tena." Usiku ulikuwa mwingi alipokubali kimoja.

Jioni ya mwisho ya likizo nilimshika mkono tukaenda pamoja mtoni. Samaki alipogusa, nilivuta kwa mkono. Hakuwa yule mkubwa. Alipata kama nusu kilo. Mjomba alilowesha viganja, akampapasa toka kichwa hata mkia, akamrudisha majini.

"Chambo hiki," akasema, "ni chako, si changu."

Ndugu zangu wanafunzi, kujua si kutenda. Mimi nililijua somo langu kabla sijafika mtoni, na bado nikashindwa. Yule mkubwa yungali chini ya mizizi, na sandukuni mwangu sasa mna vyambo vinne.