Kitunguu kisichonuka

Kabla ya masika jirani alitupa vitunguu kumi vya maua ya mvua. Nasi, pasipo kufikiri, tukavipanda kando ya vitunguu vyetu vya mchuzi. Viliota majani membamba kama nyasi. Siku chache baada ya mvua kubwa ya kwanza, bustani ilijaa maua ya rangi ya waridi, tukafurahi sana.

Jioni moja tulimtuma binti yetu kung'oa vitunguu. Mama yake alipokata kimoja, hakikunuka. Akasita, akavitupa vyote.

Alifanya vema. Ua hilo, ambalo wataalamu huliita Zephyranthes carinata, asili yake ni Meksiko na nchi za kusini mwake. Kitunguu chake kina sumu iitwayo likorini, nayo humtapisha mtu. Kulitambua si kazi ngumu: kila kikonyo hubeba ua moja tu lenye petali sita, bali kitunguu cha chakula hutoa kichwa cha vijiua vingi. Tena majani yake ukiyasugua hayatoi harufu ya kitunguu.

Hatukuyatupa maua yetu. Tumeyahamishia mbele ya nyumba, penye jua na udongo usiotuamisha maji, nao watoto tumewafundisha jina lake. Ua halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu, tuliopanda tusichokijua karibu na chungu cha watoto wetu.