Subira Katika Kipimo

Jambo jepesi wa mwendo humtaka mtazamaji mwenye subira nzito. Ukweli huu ulidhihirika mwaka 2006 katika maabara ya Fermilab, karibu na Chicago, Marekani, ambako kundi la wataalamu liitwalo CDF lilitafuta kipimo cha kigeugeu mmoja wa ajabu: chembe iitwayo mesoni B-s.

Maisha ya mesoni hii ni mafupi mno. Sekunde moja ikigawanywa mafungu trilioni moja, umri wake wa wastani haufiki mafungu mawili. Hata hivyo, katika uhai huo hugeuka ikawa pacha wake wa kinyume, kisha hurejea ilivyokuwa. Kasi ya mageuzi hayo ni mizani ya nadharia: ikipingana na makadirio, ni dalili ya nguvu zisizojulikana bado.

Hapana saa iwezayo kuyahesabu. Basi wataalamu walipima umbali, kiasi cha milimita moja hivi, ambao mesoni ilisafiri tangu kuzaliwa hata kufa. Umbali na mwendo vikawaambia umri. Chembe zilizozaliwa pamoja nayo zilishuhudia ilizaliwa katika hali gani, na zile ilizoziacha zilishuhudia ilikufa katika hali gani. Mashahidi wa kuzaliwa walikosea mara nyingi, kwa hiyo ilibidi mesoni maelfu zihojiwe.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Migongano ya protoni na antiprotoni ilikuwa mingi, na tena ilipasa kuigiza mingine ndani ya kompyuta ili kuujua udhaifu wa chombo chenyewe. Kazi hiyo iligawanywa baina ya kompyuta za Fermilab na za nchi nyingine, zikiwamo za Italia, Japani na Taiwan.

Mwezi Machi kundi jirani, D0, lilitangaza mipaka ambamo jibu lilitarajiwa kuwamo. Mwezi Aprili CDF waliliona jibu lenyewe. Uwezekano wa kuwa ni bahati tupu ulikuwa 0.5 kwa 100. Sokoni, dhamana kama hiyo ingetosha. Wao, ingawa mshindani alikuwa mlangoni, waliliita ushahidi, hawakuliita ugunduzi. Waliyarudia matokeo yale yale, wakanoa njia za kuyachambua. Ilipofika Septemba uwezekano ule ulikuwa umeshuka chini ya 1 kwa milioni 10, na jibu lilikuwa limesogea kidogo: mesoni hugeuka na kurejea mara trilioni 2.8 kwa sekunde.

Mwaka 2021 kundi la LHCb, karibu na Geneva, lilitangaza kipimo chenye usahihi uliozidi ule mara kumi na zaidi. Kililingana na cha Septemba.

Mashine zilikopesha nguvu, na mataifa yalikopesha mashine. Lakini uaminifu haukopeshwi. Kila mtafuta elimu hufika Aprili yake, jibu likiwa mkononi na sifa zikimwita. Anayeweza kungoja Septemba ndiye ambaye neno lake halitakanushwa na watakaopima baada yake.