Kupanda Mara Kumi, Kushuka Mara Tisa

Wenzangu wengi huniuliza kwa nini mtu aliyezaliwa kando ya Ziwa Mweru ajishughulishe na gofu, hali kwetu Nchelenge mchezo wa vijana ni mpira wa miguu na kazi ya watu wazima ni samaki. Swali lao ni la haki, nami nitalijibu. Lakini zaidi ya hilo nataka kueleza jinsi mtu anavyoendelea mbele katika jambo gumu. Watu wengi hudhani kwamba maendeleo ni kama ngazi: ukikanyaga kidato cha kwanza, unafika cha pili, na cha tatu, mpaka juu. Mimi ninazo hesabu za miaka miwili zinazoonyesha vingine.

Kwanza nieleze mchezo kwa wasioujua. Uwanja kamili wa gofu una mashimo 18. Mchezaji hupiga mpira mdogo kwa fimbo, tangu mahali pa kuanzia mpaka uingie shimoni, na kila pigo huhesabiwa. Pigo hilo huitwa mkwaju, na mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Kwa sheria, mpira una upana usiopungua milimita 42.67, na shimo lina upana wa milimita 108, yaani mipira miwili na nusu ikipangwa sambamba. Katika viwanja vingi mchezaji stadi hutarajiwa kumaliza mashimo yote kwa mikwaju 72. Yafaa msomaji aikumbuke hesabu hiyo ya 72, ili azipime zangu zitakapokuja.

Gofu si mchezo uliokuja Zambia jana. Makampuni ya migodi yalipojenga miji ya Copperbelt, yalitengeneza na viwanja vya gofu, na hata leo viko Ndola, Kitwe, Chingola na kwingineko. Pale Ndola vichuguu vikubwa vya mchwa vimesimama ndani ya uwanja wenyewe, na mpira ukijificha nyuma yake, mchezaji hana budi kutafuta njia ya kuuzungusha. Zamani ulikuwa mchezo wa Wazungu, na Mwafrika aliingia uwanjani kubeba mfuko tu. Walakini Rais wetu wa kwanza, Mzee Kenneth Kaunda, aliupenda sana, akawa anaucheza katika uwanja wa mashimo 9 uliotengenezwa ndani ya Ikulu ya Lusaka. Na mwaka 2006 kijana wa Lusaka, Madalitso Muthiya, alikuwa Mzambia wa kwanza kucheza katika mashindano makubwa ya US Open huko Marekani. Basi asiniambie mtu kwamba gofu si yetu.

Mimi niliingia kwa mlango wa mbeba mfuko. Mjomba wangu ni mfanyakazi wa mgodi huko Copperbelt, nami huenda kwake wakati wa likizo. Basi hutoka Nchelenge, likapita Mansa, likavuka mto Luapula pale Chembe kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2008, kisha likakata kipande cha nchi ya Kongo na kurudi Zambia karibu na Mufulira. Huko mjini nilipata kazi ya kedi, yaani kijana abebaye mfuko wa fimbo wa mchezaji na kumtafutia mpira wake majanini. Fedha zake zilininunulia sabuni, madaftari na viatu. Siku ya Jumatatu wenye kilabu hawachezi, na makedi huruhusiwa kucheza wao kwa wao. Mzee mmoja niliyembebea mfuko kwa muda mrefu alinipa fimbo mbili kuukuu, moja ya chuma namba 7, na nyingine ya kusukumia mpira shimoni. Nikawa mchezaji.

Likizo ikiisha hurudi nazo ziwani. Hapa Nchelenge sina uwanja wa gofu, nina mchanga. Saa kumi na moja alasiri hushuka pwani mahali ambapo akina mama huanika chisense, wale samaki wadogo mfano wa dagaa. Sharti nisubiri mpaka wamekwisha kuwakusanya. Mama mmoja jirani yetu aliniambia, “Mwanangu, mpira wako ukiangukia samaki wangu, nitaukaanga pamoja nao, nawe utaula.” Shimo langu ni kopo la maziwa nililolifukia katika udongo mgumu ulioshindiliwa. Jua huwa linatua ng’ambo, upande wa Kongo, na upepo hunijia usoni kutoka ziwani. Mpira ukiingia majini siufuati, maana mamba wamo. Kwa hiyo mwenye mipira mitano hujifunza haraka kupiga mahali alipokusudia.

Mchanga ni mwalimu mkali. Ukiupiga mchanga kwanza na mpira baadaye, mpira huruka hatua kumi na kuanguka. Sharti fimbo iuguse mpira kwanza. Upepo nao hufundisha. Mtu akiona upepo unamjia hutaka kupiga kwa nguvu zaidi. Lakini nguvu huuzungusha mpira, mpira ukizunguka hupanda juu, na ukipanda juu upepo huurudisha. Afadhali kuupiga polepole na chini. Mambo hayo mawili niliyapata hapa kwetu, wala si kwa wenye kilabu.

Sasa nije kwenye hesabu. Tangu Jumatatu ya kwanza niliandika kila mchezo wangu katika daftari, mzuri na mbaya, bila kuacha hata mmoja. Kwa miaka miwili nilicheza mara 20. Likizo ya Aprili ya mwaka wa kwanza nilipata 131, 126 na 127. Agosti, 119, 121, 114 na 116. Desemba, 122, 118 na 111. Aprili ya mwaka wa pili, 109, 113 na 104. Agosti, 112, 108, 101 na 103. Desemba iliyopita, 106, 97 na 104.

Ukiitazama mistari hiyo kwa haraka, waona kijana aliyetoka 131 akafika karibu na 100. Ni kweli. Lakini linganisha kila mchezo na ule uliotangulia. Mara 10 nilicheza vizuri kuliko mara ya nyuma, na mara 9 nilicheza vibaya zaidi. Kupanda kumi, kushuka tisa! Faida yangu yote ya miaka miwili imo katika ile moja iliyozidi, na katika kwamba kupanda kulikuwa kurefu kidogo kuliko kushuka. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Katika gofu mwenda pole hujikwaa vilevile, lakini huinuka akiwa mbele kidogo ya pale alipojikwaa.

Kila kushuka kulikuwa na sababu yake. Desemba ya kwanza ilikuwa mvua. Ardhi ikilowa, mpira husimama pale unapoanguka, wala hauviringiki kama mwezi wa Agosti ardhi ikiwa kavu. Ndiyo ile 122. Agosti ya mwaka wa pili mkubwa wa makedi alinibadilisha namna ya kushika fimbo. Mikono yangu ilikuwa imezoea ile ya zamani, na ile mpya haikuwa imeingia bado, nikawa sina hii wala ile. Ndiyo ile 112, baada ya 104. Lakini mkamato huo mpya ndio ulionipa 101 kabla ya mwezi kwisha. Na Desemba iliyopita mipira ilinipita shabaha siku ya kwanza. Ziwa letu liko kama mita 917 juu ya bahari, na miji ya Copperbelt ni zaidi ya mita 1,200. Hewa ya juu ni nyepesi, na mpira niliouzoea pwani huko huruka hatua mbili tatu zaidi. Yatosha kuupeleka katika shimo la mchanga.

Desemba hiyo haikuwa likizo ya mchezo tu. Mjomba ndiye alipaye nauli yangu, naye alikuwa amenikalisha chini mapema. Alisema, “Mwakani ni mwaka wa mtihani wako wa mwisho. Sitaki kulea jambo lisilokwenda mbele. Usiposhuka chini ya 100 likizo hii, fimbo zitabaki hapa kwangu, nawe utarudi na vitabu peke yake.” Sikuweza kumlaumu. Yeye mwenyewe aliacha shule mapema ili wadogo zake wasome, na kila safari yangu hutoka katika mshahara wake.

Jumatatu ya kwanza nilipata 106. Ya pili nikapata 97, na usiku ule sikulala vizuri kwa furaha. Ya tatu nikapata 104. Jioni hiyo Mjomba aliiweka kadi ya 97 mezani, na ya 104 kando yake, akaniuliza, “Wewe ni yupi kati ya hawa wawili?”

Ningaliweza kujibu kwamba mimi ni 97, maana sharti lilikuwa limetimia. Badala yake nilimpa daftari lote, nikamweleza kanuni ambayo nilikuwa nimeisikia kwa wachezaji. Mchezaji wa ridhaa hupimwa kwa hesabu iitwayo handikapu, nayo huonyesha ni mikwaju mingapi amezidi kiwango. Kwa kanuni ya dunia nzima iliyoanza mwaka 2020, alama zake hurekebishwa kwanza kwa ugumu wa uwanja. Kisha katika michezo 20 ya mwisho huchukuliwa iliyo bora 8, na wastani wake ndio handikapu. Ile 12 mingine huachwa. Kwa hiyo wenye kutunga kanuni wanajua tangu mwanzo kwamba mtu atacheza chini ya kiwango chake mara nyingi kuliko mara atakazokifikia. Mimi sina handikapu rasmi, lakini nilikuwa nimechukua michezo yangu bora 8, nikajumlisha mikwaju 832, nikagawa kwa 8. Nikapata 104 kamili.

Mjomba alicheka. Akasema, “Hata sisi mgodini hatuupimi mwamba kwa jiwe moja. Twachukua vipande vingi, kisha twasema una shaba kiasi gani. Basi 97 ni mgeni, na 104 ndiye mwenye nyumba. Mgeni akizoea kuja, siku moja atajenga.” Akanifungia fimbo zangu kwa kamba, nikarudi nazo Nchelenge.

Nilimsimulia pia habari ya US Open ile ya 2006 aliyocheza Muthiya, iliyofanyika katika uwanja wa Winged Foot, New York. Siku ya mwisho Phil Mickelson, mmoja wa wachezaji hodari wa dunia, alifika shimo la 18 akiwa anaongoza kwa mkwaju mmoja. Shimo hilo lilihitaji mikwaju 4; yeye alitumia 6, akashindwa. Geoff Ogilvy wa Australia akatwaa kikombe kwa mikwaju 285 katika siku nne, yaani mitano zaidi ya kiwango cha uwanja. Mshindi mwenyewe alizidi kiwango! Kama hao hushuka, mimi wa mchanga wa Mweru nitashangaa nini?

Mwaka huu sikwenda Copperbelt likizo ya Aprili. Nilibaki na vitabu. Nimeanza daftari la pili, la hesabu za darasani. Majaribio matano ya kwanza nilipata 38, 45, 41, 52 na 49. Wapo wenzangu wanaoitazama 41 na kusema kwamba hesabu si fungu lao. Mimi nasoma mistari yote mitano pamoja, kisha nafungua kitabu. Ndugu zangu wa madarasa ya chini, andikeni alama zenu zote na tarehe zake. Moyo hukumbuka siku njema ili ujivune, na siku mbaya ili ukate tamaa, lakini daftari halina upande.

Fimbo zangu hazijalala. Jumamosi alasiri wadogo saba wa shule yetu hushuka nami pwani. Wawili hupiga kwa fimbo zangu kwa zamu, na wengine kwa matawi ya mti yaliyopinda. Mmoja wao, mwenye umri wa miaka kumi na minne, tayari hulilenga kopo la maziwa kuliko mimi. Yeye pia ameanza daftari. Tulikuwa na mipira mitano. Mmoja umekwenda ziwani, imebaki minne. Wanafunzi wa zamani mlioko Ndola, Kitwe na Chingola, mnaopita kando ya viwanja hivyo kila siku, makedi huko huuza mipira iliyookotwa majanini kwa bei ndogo. Mkija nyumbani, tieni michache mfukoni mtuletee. Haidhuru ikiwa imechubuka.