Nafasi Mbili Mlangoni

Katika kiwanja cha magari mbele ya maduka makubwa ya miji yetu, aghalabu nafasi mbili tatu zilizo karibu na mlango hutengwa kwa rangi. Moja ina picha ya kiti cha magurudumu. Nyingine, katika baadhi ya maduka, ina picha ya mwanamke mja mzito. Wengi huzitazama kama heshima, mithili ya kiti cha mgeni arusini. Nadhani fikira hiyo ndiyo chanzo cha kuzivamia, maana kila adhaniaye kwamba kitu ni heshima hudhani pia kwamba yeye aistahili.

Jambo kubwa katika nafasi hiyo si ukaribu tu, bali upana. Mtu atumiaye kiti cha magurudumu hana budi kufungua mlango wa gari mpaka mwisho, akitue kiti chini, kisha ajihamishe kwa nguvu za mikono. Nchini Marekani kanuni hutaka ujia wa mita 1.5 kando ya nafasi yenye upana wa mita 2.4. Mistari ya mshazari ichorwayo hapo si pambo, wala si mahali pa kuweka pikipiki, ni njia. Mja mzito naye, ambaye kwake nafasi hiyo mara nyingi ni hisani ya mwenye duka, hawezi kujipenyeza katika mlango uliofunguka nusu. Viungo vya nyonga yake vimelegea, na kila hatua ina uzito wake.

Picha ya kiti ile tuionayo karibu dunia nzima ilichorwa mwaka 1968 na Susanne Koefoed, mwanafunzi wa Denmark. Kiti chake kilikuwa kitupu. Kisha Karl Montan akaongeza duara juu, likawa kichwa, na kiti kikapata mtu. Ni badiliko dogo la kalamu, lakini nalipenda, kwa kuwa wengi wasimamishao magari juu ya picha ile wangali wanaona kiti kitupu.

Niliwahi kusimama mbele ya duka moja jijini Nairobi, nikamwona bwana mmoja akitia gari lake kubwa katika nafasi hiyo. Askari wa duka alimwendea kwa adabu akasema, "Mzee, hapa ni pa walemavu." Yule bwana akajibu, "Dakika mbili tu, kijana," akaingia ndani. Askari akainamisha macho, maana mwenye gari kubwa aweza kumshtaki kwa msimamizi, na kazi ni adimu. Baada ya kitambo akaja mwanamke katika gari dogo, magongo yake yameegemea kiti cha pili. Akazunguka kiwanja mara mbili, akaondoka. Hakupiga honi wala hakuuliza. Bwana yule hakumwona, na yamkini hata leo adhani hakumdhuru mtu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, humpa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kadiri ifaayo. Siku ile haki hiyo iliishia mikononi mwa askari asiye na nguvu.

Husemwa kwamba nafasi hizo hukaa tupu bure. Ndoo ya mchanga ya kuzimia moto nayo hukaa mwaka mzima bila kuguswa. Husemwa tena kwamba fulani ameshuka pale, naye atembea vizuri. Kana kwamba moyo mgonjwa au pafu bovu huonekana usoni!

Maduka mengine huziba nafasi hizo kwa koni za plastiki, na hapo mtu mwenye magongo hulazimika kushuka njiani aziondoe ndipo apate mahali pa kushukia. Koni si mbaya, ikiwa askari yu karibu nayo, na ikiwa msimamizi amemwambia mbele ya watu kwamba hatafukuzwa kwa kuilinda.