Tulipojitayarisha Kuvuka Ziwa

Mchungaji aliniita baada ya ibada, akaniwekea mkono begani, akasema: "Weye njo unasoma luga kule Lubumbashi. Hawa vijana utanifundishia." Vijana walikuwa kumi na wanne, wengine wa korali, wengine wa kikundi cha maombi. Kanisa moja la Kigoma lilikuwa limetualika kwa majuma mawili tuimbe, tutoe ushuhuda, na tusaidie kupandisha kuta za kanisa dogo la kijijini. Mimi nilikuwa nyumbani Kalemie kwa likizo kubwa, sina kazi. Nilikubali kabla hajamaliza kusema, na nakiri kwamba sifa ya kuitwa mwalimu ilinivuta kuliko wito.

Nyumbani kwetu mtu akisema "ng'ambo" hafikirii kwanza Ulaya. Anafikiri Kigoma, kunakotoka sabuni, vitenge na sahani za plastiki. Lakini neno "misheni" liliwashangaza vijana wetu. Misheni kwao ni majengo ya matofali kama ya Mpala, ni wazungu wenye ndevu katika picha za zamani. Mmoja aliuliza kama tutapewa nguo za kwenda kugawa. Mwingine aliuliza kwa sauti ya chini kama mtu akipenda kubaki kule atafute kazi itakuwa dhambi. Nikawasimulia habari za Adrien Atiman, Mwafrika aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomea uganga Malta, kisha akatibu watu Karema, upande wa Tanzania wa ziwa hili hili, mpaka alipofariki mwaka 1956. Mzee mmoja wa kanisa hakuupenda mfano wa Kikatoliki katika chumba chetu. Vijana waliupenda, na swali la nguo halikurudi tena.

Karatasi zilitula wiki tatu. Hati za kusafiria, barua za wazazi, picha ambazo mpiga picha alizirudia mara mbili kwa sababu ukuta wake haukuwa mweupe vya kutosha. Kadi ya njano ndiyo iliyotufundisha hesabu: chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku kumi baada ya kuchomwa sindano, na mvulana wetu wa ngoma alichomwa zikiwa zimebaki siku tisa. Safari ilisogezwa kwa siku mbili kwa ajili yake. Hakuna aliyenung'unika, kwa maana korali bila ngoma ingekuwa kichekesho. Wazazi waliogopa zaidi maji. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na kati ya waafrika wake hawa kumi na wanne, waliozaliwa ukingoni kabisa, sita hawakujua kuogelea. Mama mmoja alikataa kutia sahihi mpaka aone kwa macho yake makoti ya kuokolea ndani ya boti. Alikwenda bandarini, akayahesabu, akarudi, akatia sahihi.

Masomo yangu yalikuwa jioni, mara tatu kwa juma. Nilikuwa na daftari lenye safu mbili: kushoto "tunasema", kulia "wanasema". Bukari, ugali. Sombe, kisamvu. Kinga, baiskeli, na hapo niliwaonya kwamba ukimwambia mtu wa Tanzania umekuja na kinga atadhani umechanjwa. Niko na, nina. Kuya, kuja. Zambi, dhambi. Nilitumia jioni nzima kwa shikamoo na marahaba, maana sisi tumezoea kumwamkia hata babu kwa "jambo" na kuinamisha kichwa kidogo. Wavulana walicheka sana. Walikuwa wakivizia nani amezaliwa mwezi mmoja mbele ya mwenzake ili ajibu "marahaba" kwa sauti nzito.

Nilikuwa naamini kabisa nilichokuwa nakifanya. Nilisema tusiaibishe kanisa wala Kongo. Sikuwaambia, kwa kuwa mimi mwenyewe sikulifikiria, kwamba hicho Kiswahili sanifu kilikubaliwa Mombasa mwaka 1928 kwa ajili ya nchi zilizokuwa chini ya Waingereza, na kwamba sisi tuliokuwa chini ya Wabelgiji hatukuwamo katika mazungumzo hayo. Niliwafundisha kama vile upande wa kushoto wa daftari ni kosa na upande wa kulia ni dawa yake.

Katika kikundi alikuwamo dada mmoja anayekaanga mikate na kuiuza karibu na bandari. Ana mtoto mmoja. Alifika Kalemie mwaka 2017 kwa miguu kutoka upande wa Nyunzu, wakati wa vita vya Watwa na Waluba. Wengi wetu tulikuwa na ushuhuda wa kawaida: niliugua nikapona, nilishindwa mtihani nikafaulu. Wake ulikuwa ushuhuda. Mara ya kwanza aliposimama alisema, na mpaka leo nasikia sauti yake: "Moto ilikuwa kila pahali. Mungu alinitosha mu moto, mi na mutoto." Chumba kilinyamaza.

Mimi nikainua kalamu. Nikamwambia, "Dada, kule 'kutosha' maana yake ni kuwa kiasi cha kutosheleza. Ukisema hivyo wataelewa vingine. Sema: Mungu alinitoa katika moto." Akarudia. Nikamsahihisha "moto ilikuwa". Akarudia tena. Jioni iliyofuata alianza vizuri, akafika penye neno lile, akasimama, akanitazama. Katika juma la tatu hakuwa tena akisema na watu. Kila sentensi aliimaliza kwa kuniangalia mimi, kama mtoto anayesubiri alama. Moto haukuwamo tena katika maneno yake, na mimi niliandika pembeni ya daftari: "anaendelea vizuri."

Kisha fedha zikapungua. Michango ilitosha watu kumi tu na mimi. Kamati ya kanisa haikutaka kugombana na wazazi, ikaniomba niwapange vijana kwa namna wanavyosema, kwa kuwa hiyo ni hesabu ya mwalimu na hakuna atakayebisha. Nilikaa na karatasi usiku mmoja. Dada wa mikate niliandika wa kumi na mbili. Kwa kipimo nilichokuwa nacho nilikuwa mwaminifu; waliokuwa juu yake kweli walisema "alinitoa" bila kusita. Sikwenda kumwambia. Habari alizipata kwa mama mchungaji.

Jioni ya kuondoka alikuja bandarini na ndoo ya mikate iliyofunikwa kitambaa. "Mutakula mu boti," akasema. Nikatafuta maneno. Yeye alikuwa nayo tayari, wala hakuyasema kwa hasira: "Ule ushuhuda utausema weye, mwalimu. Weye njo unaujua muzuri." Akanipa mkono, akaenda zake, kwa sababu ilikuwa saa ya wateja wake wa jioni.

Tulisafiri usiku kucha. Wale wasiojua kuogelea waliimba mpaka wakachoka, halafu wakatapika, halafu wakala mikate.

Kigoma ilitupokea vizuri, na ndani ya siku mbili nilielewa kwamba daftari langu lilitayarisha watu kwa mji mwingine. Wenyeji wetu walikuwa Waha wengi, wenye Kiswahili chao chenye mwendo wa Kiha, na hawakujali hata kidogo kama tunasema sombe au kisamvu. Kuta tulizipandisha. Korali ilipendwa, mpiga ngoma zaidi. Jumapili nilisimama mbele ya kanisa nikasimulia habari za dada yetu mmoja ambaye Mungu alimtoa katika moto. Sarufi haikuwa na kasoro. Watu waliitika "Amina" ya adabu, ile unayoisikia baada ya matangazo.

Siku iliyofuata tulipelekwa Ujiji kuona mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Mimi nilivutwa zaidi na watu. Ujiji ina Wamanyema wengi, ambao mababu zao walitoka upande wetu, kwa njia zile zile zilizoleta Kiswahili Kasongo na Nyangwe kwa misafara ya kina Tippu Tip. Bibi mmoja alitukaribisha uani kwake. Vijana wakamwamkia shikamoo kwa pamoja kama darasa. Akaitika marahaba, akatusikiliza kidogo, akauliza: "Nyinyi si mmetoka Kongo? Mbona mnaongea kama redio?"

Wote walinitazama. Nikacheka kwa kukosa la kufanya. Kisha, sijui kwa nini, nikamsimulia ule ushuhuda, safari hii kwa maneno ya mwenyewe, mpaka "Mungu alinitosha mu moto, mi na mutoto". Bibi alitikisa kichwa polepole. Alikuwa ameelewa, kama alielewa alitolewa au alitoshelezwa sikumuuliza, na labda yeye hakuona haja ya kuchagua. Aliuliza swali moja tu: "Na yeye mwenyewe yuko wapi?"

Tuliporudi chuoni tulikuwa na somo la kauli ya kutendesha. Mhadhiri aliandika ubaoni: anguka, angusha. Amka, amsha. Waka, washa. Shuka, shusha. Mnajua sote jinsi ile k ya mwisho inavyogeuka sh. Kalamu yangu ikaendelea yenyewe kwenye karatasi: toka. Nikakaa nikilitazama lile neno wakati wengine wanaendelea na mfano mwingine. Toka, tosha. Lililotoka lenyewe, na lililotoshwa na mwenye nguvu kulizidi. Dada yule alikuwa ameunda neno lake kwa kanuni ile ile niliyokuwa nikilipia karo nifundishwe, na Kiswahili cha kwetu kimelishika hivyo muda wote. Hoja yangu kwamba kule wangeelewa vingine ilikuwa kweli. Lakini sikumpa nafasi ya kuchagua mwenyewe aelezeje, na sikumwambia kwamba neno lake ni zima.

Mchungaji ameniandikia kwamba mwakani wanataka kuvuka tena, na anaomba lile daftari ili mtu mwingine afundishe. Bado liko hapa mezani. Juzi nilimpigia simu kwanza dada wa mikate. Alisema mafuta yako motoni, nipige jioni.