Chama Kilichokataza Makofi

Desturi ya vyama vya wapenda muziki wa Ulaya ni kutangaza mapema tafrija zinazokuja. Jina la mpigaji piano huandikwa kwa herufi kubwa, na chini yake majina ya watungaji, na saa, na bei ya kiti. Mwanachama huitazama orodha hiyo kama mtu aliyeketi mezani atazamavyo vyakula: hiki atakula, kile atakiacha. Naye mtungaji asiyejulikana huachwa mwaka baada ya mwaka, na kwa kuwa huachwa, hajulikani.

Mjini Vienna, katika nchi ya Austria, kilitokea chama kilichoivunja desturi hiyo. Kilianzishwa mwezi wa Novemba, 1918, na mtungaji Arnold Schoenberg, akisaidiwa na wanafunzi wake, Alban Berg na Anton Webern. Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Vita vilikuwa vimekwisha kwa kushindwa, dola ilikuwa imevunjika, na watu walihangaika kutafuta mkate na makaa ya kuotea moto. Ni nani basi atakayetoka nyumbani na njaa yake kwenda kusikiliza muziki asioujua? Lakini wako waliokwenda.

Masharti yao yalikuwa magumu. Mwanachama alilipa kadiri ya uwezo wake, akapewa kadi yenye picha yake ya kuonyesha mlangoni. Waandishi wa magazeti wenye kazi ya kusifu na kulaumu hawakuingia. Ilikatazwa kupiga makofi, na ilikatazwa vile vile kuzomea. Tena, hakuna aliyeambiwa mapema ni muziki gani utakaopigwa. Mtu alikuja kwa kukiamini chama tu, basi.

Mtu aliyezoea taarabu ya pwani, ambako msikilizaji huinuka katikati ya wimbo akamtuza mwimbaji, ataona kwamba kukaa kimya hivyo ni kumnyima mpigaji haki yake. Na kweli ni ukali. Lakini Schoenberg alikuwa na sababu. Tarehe 31 Machi, 1913, aliongoza muziki katika ukumbi mkubwa wa Musikverein mjini humo humo. Zilipoimbwa nyimbo za Berg, watu wakapiga kelele, wakacheka, wakashikana, hata polisi wakaitwa, na tafrija ikavunjika kabla ya mwisho wake. Waliozomea siku ile hawakuusikia muziki; na huenda hata waliopiga makofi hawakuusikia pia, maana walikuwa wakishindana na wenzao.

Kwa hiyo katika chama kipya kazi iliyotiliwa mkazo ni mazoezi. Muziki haukupigwa mpaka wapigaji wameuelewa, kisha ulirudiwa siku nyingine ili masikio yapate kuuzoea. Fedha za kuajiri okestra kamili hazikuwapo. Kwa hiyo kazi kubwa zilipangwa upya kwa ajili ya piano na vyombo vichache. Tafrija ya kwanza, tarehe 29 Desemba, 1918, ilikuwa na simfonia ya 7 ya Mahler, iliyopigwa na watu wawili juu ya piano moja. Debussy, Ravel na Reger walisikiwa mara nyingi. Kazi zake mwenyewe Schoenberg alizizuia mwanzoni zisipigwe, jambo ambalo wakubwa wa vyama hawalitendi kwa wepesi.

Fedha ya Austria ikazidi kuanguka thamani, na hazina ya chama ikapungua. Tarehe 27 Mei, 1921, watu hao wakali wakafanya tafrija ya kukusanya fedha kwa muziki wa dansi wa Johann Strauss, ambao kila mtu wa Vienna aliujua tangu utotoni. Schoenberg, Berg na Webern walikuwa wameupanga upya wenyewe; Schoenberg akapiga fidla, Webern selo, na Berg akakaa kwenye kinanda cha mvukuto. Baadaye karatasi walizoziandika kwa mikono yao zikauzwa kwa mnada.

Hazikutosha. Ulipofika mwisho wa mwaka huo, tafrija za Vienna zilikoma. Zilikuwa zimefanyika 117, na kazi 154 zilikuwa zimepigwa mara 353.